Tone la pili la damu: kwa nini watoto wenye kisukari wanafikishwa hospitali wakiwa wamechelewa

Tuseme mwanao ana miaka minane. Kwa wiki mbili sasa anakunywa maji kuliko wenzake. Usiku anaamka mara tatu kukojoa, na juzi alilowesha godoro, jambo aliloliacha zamani. Umeona kaptula ya shule inamlegea kiunoni, ukajiambia ni kwa sababu ya mgao uliopunguzwa. Nani kambini hajakonda? Jumapili anaanza kutapika na kushika tumbo. Jumatatu anahema kwa nguvu kama aliyetoka kukimbia, ilhali amelala tu kwenye mkeka. Unambeba hadi kituo cha afya, mnapanga foleni, anachomwa kidole. Kipimo cha malaria kinaonyesha hana. Au kinaonyesha anayo, maana kwetu malaria haikosekani. Mnarudi nyumbani na dawa. Usiku wa manane unamwita, haitikii.

Huyu ni mtoto wa mfano, hatukumtoa kwenye kaya ya mtu. Lakini safari yake ndiyo ambayo ugonjwa huu huipitia mara nyingi kabla haujatambuliwa. Kinachouma ni hiki: kidole kile kilichochomwa kwa ajili ya malaria kingeweza kutoa tone la pili la damu. Tone hilo likiwekwa kwenye mashine ndogo ya kupima sukari, jibu lingepatikana kabla hujainuka kwenye benchi.

Makala hii inaeleza hatari hiyo ni ipi, kwa nini inatugusa zaidi sasa hivi kwenye kambi na makazi ya Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi, na ni mambo gani wewe, mkimbizi au mwenyeji, una haki ya kuyauliza.

Ni nini kinachotokea mwilini

Wengi tunajua kisukari kama ugonjwa wa watu wazima, wa baba aliyenenepa au bibi mwenye kidonda kisichopona. Kisukari cha watoto kwa kawaida ni kingine. Kinaitwa kisukari cha aina ya kwanza. Kinga ya mwili inashambulia kongosho, na kongosho linaacha kutengeneza insulini. Hakiletwi na peremende wala soda. Hakiletwi na dhambi ya mzazi, wala na jirani mwenye kijicho. Hakiambukizi, na mpaka leo hakuna chakula wala mti shamba unaokiponya.

Insulini ndiyo ufunguo unaoifungulia sukari iingie kwenye chembe za mwili ili zipate nguvu. Bila ufunguo huo, sukari inabaki kwenye damu huku mwili ukilia njaa. Figo zinajaribu kuitoa sukari kwa mkojo, na mkojo unaondoka na maji mengi. Ndiyo maana mtoto anakojoa sana, ana kiu isiyokatika, na anakonda hata akila. Wazee wetu waliijua alama moja ambayo hata leo ni ya kweli: sisimizi wakikusanyika mahali mtoto alipokojoa, mkojo huo una sukari.

Mwili usipopata sukari ya kuchoma, unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Moshi wa moto huo ni tindikali ziitwazo ketoni. Zikiwa kidogo, mwili unazimudu. Zikizidi, damu inakuwa chachu, na hapo ndipo tunapofika kwenye dharura ambayo madaktari wanaiita ketoasidosisi. Mtoto anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa kina na kwa haraka kwa sababu mapafu yanajaribu kuitoa tindikali ile nje. Pumzi yake inaweza kunuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Baadaye analegea, anachanganyikiwa, anazimia. Bila matibabu anakufa. Kwa mtoto mdogo, kutoka kutapika hadi kuzimia inaweza kuwa siku moja tu.

Kwa nini haitambuliwi

Soma tena dalili hizo ukijifanya mhudumu mwenye wagonjwa 80 kwenye foleni. Mtoto anayehema haraka: nimonia. Anayetapika na amekaukiwa maji: kuhara kunakuja, au kipindupindu kimeingia bloku gani? Anayeshika tumbo: minyoo. Aliyekonda: utapiamlo. Aliyezimia: malaria iliyopanda kichwani. Kila jibu linaingia akilini, kwa sababu magonjwa hayo ndiyo anayoyaona kila siku.

Tena, mtoto anaweza kuwa na malaria na kisukari kwa wakati mmoja. Kipimo cha malaria kikionyesha mistari miwili, hakifuti kingine. Homa au maambukizi ya kawaida ndiyo mara nyingi yanayomsukuma mtoto mwenye kisukari aingie kwenye ketoasidosisi.

Kuna jambo moja linaloweza kumtofautisha. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara hukojoa kidogo sana. Mtoto mwenye ketoasidosisi amekauka midomo, macho yameingia ndani, lakini bado anakojoa. Mzazi ndiye anayelijua hilo, mhudumu hawezi kulikisia. Kwa hiyo usisubiri uulizwe. Sema: "Anakojoa sana, anakunywa maji sana, amekonda, na sasa anatapika." Sentensi hiyo moja inaweza kugeuza mkondo wa matibabu.

Kukosa kupima kunadhuru kwa namna nyingine pia. Mtoto akiletwa amezimia na hakuna kipimo, mhudumu hulazimika kukisia, na mara nyingi humpa dripu yenye sukari. Kukisia huko kuna sababu: sukari ikiwa chini inaua upesi, na pasipo mashine ni salama zaidi kutoa sukari kuliko kuacha. Lakini mtoto ambaye sukari yake iko juu anakuwa ameongezewa mzigo, na muda wa kumpa matibabu yake halisi unapita. Mashine ya kupima sukari ni ndogo kuliko simu yako. Vijiti vyake vya kupimia ndivyo vinavyokwisha.

Kwa nini sasa

Mwaka 2025 ulibadilisha hesabu zote. Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje mwezi Januari, na wafadhili wengine nao wakapunguza. UNHCR ilitangaza mwezi Juni kwamba inafuta nafasi za kazi zipatazo 3,500. WFP ilisema mwezi Mei kwamba karibu watu milioni moja nchini Uganda wameondolewa kwenye msaada wa chakula. Nchini Kenya, mgao wa Kakuma na Dadaab ulishushwa hadi asilimia 28 ya kiwango cha chini, na kuanzia Agosti kaya zikagawanywa kwenye makundi, kundi la mwisho likiwa halipati kitu.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo vita viliingia Goma mwezi Januari na Bukavu mwezi Februari, na maelfu wakavuka mpaka kwenda Uganda na Burundi. Anayekimbia usiku anabeba mtoto, godoro na sufuria. Insulini iliyokuwa kwenye friji ya jirani inabaki kwenye friji ya jirani. Kadi ya kliniki inabaki ukutani.

Unaweza kuuliza mgao wa unga unahusiana vipi na sindano. Unahusiana moja kwa moja. Mtu mwenye afya akikosa chakula, njaa inamuuma. Mtoto anayetumia insulini akichomwa sindano yake kamili kisha akakosa chakula, sukari inaweza kushuka mpaka akatetemeka, akatoka jasho, akadondoka kwa kifafa. Mama aliyeiona hali hiyo mara moja haisahau. Siku ambayo sufuria haikupandishwa jikoni, anaona heri aruke sindano. Siku ya pili anairuka tena. Siku ya tatu mtoto anatapika, na safari ya ketoasidosisi imekwisha kuanza.

Mama huyo hakukosea kwa uzembe. Alichagua kati ya hatari mbili, na hakuna aliyemwambia kwamba ile aliyoichagua nayo inaua. Tunaliandika hili hapa ili lisomwe pande zote mbili, kwenye nyumba na kwenye ofisi: ukimpunguzia chakula mtoto anayetumia insulini, umegusa dawa yake. Anayepanga makundi ya mgao anapaswa kujua ni kaya zipi zina mtoto wa namna hii.

Kwa mzazi, kanuni ni hii. Insulini haiachwi kabisa, hata mtoto akiwa mgonjwa na hali vizuri. Kiwango kinaweza kupunguzwa, na mhudumu ndiye wa kukuonyesha kupunguza kwa kiasi gani. Muulize swali hili mapema, siku ambayo mtoto ni mzima: "Siku tukikosa chakula, nimchome uniti ngapi?" Aandike jibu kwenye kadi.

Saa za kwanza hospitalini

Sasa tuseme umefika, na sukari imepimwa. Ni vizuri ujue matibabu yanavyokwenda, kwa sababu wewe ndiwe utakayekaa kando ya kitanda usiku kucha, na nesi wa zamu anaweza kuwa mmoja kwa wodi nzima.

Ketoasidosisi inathibitishwa kwa mambo matatu: sukari iliyozidi 11 kwa kipimo cha milimoli (au 200 kwa kipimo cha miligramu), ketoni kwenye damu au mkojo, na damu kuwa na tindikali. Maabara ya kupima tindikali ya damu haipo kwenye vituo vingi vya kambini. Lakini kijiti cha kupimia mkojo, kilekile kinachotumika kliniki ya wajawazito, mara nyingi kina sehemu ya sukari na sehemu ya ketoni. Sukari ikiwa juu, ketoni zikiwepo, na mtoto anahema kwa kina, hakuna sababu ya kungoja maabara.

Kinachofuata kina mpangilio wake.

Kwanza maji. Mtoto hupewa dripu ya maji ya chumvi, mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito wake, ndani ya takriban saa moja ya mwanzo. Baada ya hapo maji yaliyobaki hurudishwa polepole, kwa saa 24 hadi 48. Hapa wazazi wengi hukasirika wakiona dripu inadondoka taratibu. Usiifungulie. Upole huo ni sehemu ya matibabu.

Pili insulini, nayo haitangulii maji. Huanza angalau saa moja baada ya dripu. Palipo na mashine ya kuitoa polepole, kiwango ni uniti 0.05 hadi 0.1 kwa kilo kwa saa. Watoto wadogo sana na wenye utapiamlo huanzia chini zaidi. Pasipo na mashine hiyo, sindano za kiwango kidogo kila baada ya saa chache zinafanya kazi. Kuchoma dozi kubwa kwa mkupuo ili "sukari ishuke haraka" ni kosa. Sukari inatakiwa kushuka pole, milimoli 2 hadi 5 kwa saa.

Tatu potasiamu. Madini haya yamepotea kwa mkojo, na insulini inayashusha zaidi kwenye damu. Yakishuka mno moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo huongezwa kwenye dripu, mara mtoto anapokuwa anakojoa.

Nne, sukari ikishafika karibu 14 hadi 17, dripu hubadilishwa iwe na sukari ndani yake, na insulini inaendelea. Mzazi asiyeelezwa hushangaa: mtoto ana kisukari, mbona anapewa sukari? Sababu ni kwamba insulini bado inahitajika ili kuzima ketoni, na sukari ya dripu inamkinga asishuke kupita kiasi. Sukari kurudi vizuri si mwisho wa dharura. Mwisho wake ni ketoni kwisha na mtoto kula na kukaa bila kutapika.

Tano, kupima. Sukari hupimwa kila saa, pamoja na mapigo ya moyo, pumzi na ufahamu. Hapa ndipo unapohitajika wewe. Kuna tatizo linalompata chini ya mtoto mmoja kati ya 100 wanaotibiwa, lakini ndilo linaloua zaidi: ubongo kuvimba. Mara nyingi hutokea ndani ya saa 12 za kwanza, wakati mtoto alionekana anapata nafuu. Akianza kulalamika kichwa kinauma sana, akatapika upya, akawa mkali au mzito wa kuamka, akaongea maneno yasiyoeleweka, au akakojoa kitandani baada ya kuwa ameshapata fahamu, mwite mhudumu papo hapo. Usiseme "amelala, apumzike." Dawa ya kupunguza uvimbe ipo, na inasaidia ikitolewa mapema.

Je, kituo chenu kikiwa hakina dripu wala insulini? Mtoto apewe rufaa mara moja, na njiani asiachwe mikono mitupu. Anayeweza kumeza anaweza kunyweshwa maji ya ORS kidogo kidogo kwa kijiko; asiyeweza, mhudumu anaweza kutumia mpira wa puani. Hayo hayawezi kuchukua nafasi ya hospitali, lakini yanampa muda wa kufika. Mtoto aliyezimia usimnyweshe kitu kwa mdomo.

Na muda ndio tatizo letu kubwa. Kutoka Kakuma hadi hospitali ya kaunti Lodwar ni kilomita zipatazo 120. Kutoka Nakivale mpaka hospitali ya rufaa Mbarara, au Nyarugusu mpaka Kigoma mjini, ni safari ya barabara ambayo usiku, wakati wa mvua, inategemea kama ambulansi ina mafuta. Boda boda humfikisha mtu mzima mwenye mguu uliovunjika. Mtoto aliyezimia na dripu mkononi haibebeki kwa boda boda.

Joto, friji na habari njema kutoka Dadaab

Wazazi wengi wameambiwa: bila friji, huwezi kupewa insulini ukatunze mwenyewe. Kwa familia inayoishi chini ya hema au bati hilo lilikuwa na maana ya kutembea kila siku hadi hospitalini kuchomwa sindano, asubuhi na jioni. Mtoto anakosa shule, mama anakosa kibarua, na siku ya vurugu au mafuriko sindano inakosekana.

Jibu la tatizo hilo lilitoka kambini kwetu. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto halisi ndani ya nyumba za wakimbizi Dagahaley, Dadaab. Lilikuwa likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaiweka insulini kwenye joto la namna hiyo maabara kwa wiki nne, na nguvu yake ikabaki ileile kama iliyokaa kwenye friji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Mwaka 2023 uchunguzi mpana wa shirika la Cochrane ulifikia hitimisho linalofanana: chupa za baadhi ya aina za insulini ya binadamu ambazo hazijafunguliwa zinaweza kukaa kwenye nyuzi 25 hadi miezi sita, na kwenye nyuzi 37 hadi miezi miwili.

Hii haina maana uiache juani. Tumia mtungi wa udongo uliowekwa ndani ya mchanga uliolowa, mahali penye kivuli na upepo, insulini ikiwa ndani ya mfuko ili isilowe. Isigandishwe, iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka. Iliyobadilika rangi au kufanya mabonge rudisha kituoni. Chupa ukishaifungua, andika tarehe, na baada ya wiki nne omba nyingine. Ukiambiwa bado kwamba asiye na friji hapewi insulini, uliza kwa heshima kama kituo kimepata taarifa za Dagahaley.

Watoto wasiohesabiwa

Insulini si dawa mpya. Mwezi Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, Leonard Thompson mwenye miaka 14 alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kuchomwa insulini. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa huu alikufa, kwa tajiri na kwa maskini. Waliogundua dawa hiyo waliuza hati yao ya ugunduzi kwa chuo kikuu kwa dola moja moja, ili isiwe mali ya mtu mmoja. Insulini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza, mwaka 1977.

Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kwenye jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology ulikadiria kwamba mtoto wa miaka 10 aliyegundulika na kisukari cha aina ya kwanza mwaka 2021 angeishi wastani wa miaka 65 zaidi akiwa katika nchi tajiri, na miaka 13 tu akiwa katika nchi maskini. Ugonjwa ni uleule, na dawa ni ileile.

Na hao ni waliogundulika. Mtoto wetu wa mfano, aliyefia njiani, ameandikwa nini kwenye daftari? Pengine malaria kali. Pengine nimonia. Mwisho wa mwezi daftari linajumlishwa, na safu ya kisukari cha watoto inasoma sifuri. Anayepanga bajeti anaiona sifuri hiyo, anasema hapa hakuna shida ya namna hiyo, na vijiti vya kupimia havinunuliwi. Bila vijiti mtoto anayefuata hapimwi. Huo ndio mzunguko unaotuua, nao unaweza kukatwa mahali pamoja tu, pale kwenye benchi la kupima, kwa tone la pili.

Nchi zetu zimekwisha kuahidi. Mwezi Agosti 2022, mjini Lomé, mawaziri wa afya wa kanda ya Afrika walikubali mkakati uitwao PEN-Plus, unaotaka kisukari cha aina ya kwanza, selimundu na magonjwa ya moyo ya watoto yatibiwe kwenye hospitali za wilaya, yasingoje jiji kuu. Programu ya Changing Diabetes in Children, iliyoanza 2009, inatoa insulini na vifaa bure kwa watoto kupitia kliniki zilizochaguliwa, na nchi kama Uganda, Kenya, Tanzania na Kongo zimo. Swali la kuwauliza wakubwa ni kama mtoto mwenye karatasi ya ukimbizi anaandikishwa kwenye kliniki hizo kama mtoto wa mwenyeji, na nani analipa nauli ya kila mwezi.

Kwa ndugu zetu wenyeji, jambo hili ni lenu pia. Kituo cha afya kilichojengwa kwa ajili ya kambi ndicho mnachokitumia, na kikifungwa au kikapunguziwa wahudumu mtoto wenu anapanga foleni ndefu ileile. Kisukari hakiulizi kitambulisho.

La kufanya

Kwenye kikao kijacho cha bloku au cha kijiji, kama kuna mwakilishi wa afya, mwombeni majibu ya maswali matatu. Je, kituo chetu kina mashine ya kupima sukari inayofanya kazi, na vijiti vya kutosha mwezi huu? Je, kila mtoto anayehema haraka, anayetapika bila kukoma au aliyezimia anapimwa sukari pamoja na malaria? Je, usiku tunampigia nani ili ambulansi ije, na ikikosekana, mpango wa pili ni upi? Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Kama tayari una mtoto anayetumia insulini, mweleze mwalimu wake, jirani mmoja na kiongozi wa bloku. Siku akiwa mgonjwa usiiache sindano. Mpime mara nyingi zaidi, mnyweshe maji, na sukari ikizidi 14 omba apimwe ketoni. Akitapika zaidi ya mara mbili, au akianza kuhema kwa kina, nenda kituoni hata kama ni usiku. Akitetemeka na kutoka jasho ghafla, hiyo ni sukari kushuka: mpe maji ya sukari akiwa anaweza kumeza. Ukishindwa kutofautisha na huna kipimo, mpe sukari kidogo kisha mkimbize hospitali. Akikuambia mtu, awe mganga wa mitishamba au mtu wa maombi, kwamba amepona na aache insulini, endelea na maombi yako na sindano yake pia. Bila insulini mtoto wa namna hii anaweza kufa ndani ya siku chache.

Na kama una mtoto anayekunywa maji sana, anayekojoa sana na anayekonda, usisubiri atapike. Nenda kesho asubuhi. Utakapofika dirishani, na kidole chake kitakapochomwa kwa ajili ya malaria, sema maneno haya kwa sauti ya kusikika: "Naomba mumpime na sukari."